Miaka Iliyo Chini ya Rangi

Mimi ni mchora vibao, hapa Birere.
Saluni ya Neema. Tunachaji Simu. Dawa za Kuku:
hiyo ndiyo fufu ya wanangu.
Lakini kazi inayonirudia kama malaria
ni mita sita za merikani
za Mchungaji Birindwa:
baragumu saba, farasi wanne, mnyama mmoja,
na chini, kwa rangi nyekundu, mwaka.

Mwaka wa kwanza nilioandika ulipita kimya.
Mvua ilinyesha, maharage yakaiva Rutshuru,
na waliokuwa wameuza cherehani
wakaenda kuzikomboa kwa bei mara mbili.
Mchungaji akaniletea kopo la rangi nyeupe.
"Funika. Wafasiri walikosea hesabu."

Mlima ulipopasuka ubavu,
Jumamosi usiku, anga kama jiko la mhunzi,
tulikimbilia Sake na magodoro kichwani,
yeye nyuma yetu akipaza sauti:
"Si niliwaambia? Mlima uwakao, utupwao majini!"
Moto ukasimama Buhene.
Ziwa haukuligusa.
Akasema: ziwa ni la kiroho.

Na mnyama? Nimembadilisha nguo mara tatu.
Kwanza kofia ya kizungu,
kisha buti za mpira za watu wa msituni,
kisha barakoa, ule mwaka wa kikohozi cha dunia nzima,
na sindano mkononi mahali pa chapa.
Pembe sikuziondoa. Zinakula rangi.

Kisha mji ukapata wenyewe wapya.
Siku tatu risasi zilinyesha juu ya mabati
nami chini ya meza nikihesabu,
si miaka, ila kimya
kati ya bomu moja na jingine.
Benki zikafungwa. Maji yakakatika.
Siku ya tano, hodi:
"Safari hii ndiyo yenyewe. Andika."

Nikakitandaza kitambaa uani, nikakwangua.
Rangi ilibanduka kama ganda la kidonda,
mwaka juu ya mwaka juu ya mwaka,
kama mji huu wenyewe,
lava ya babu chini ya lava ya mjukuu,
na juu yake sisi tumeanika nguo.

Ndipo akapita Kavugho, wa Kanyabayonga,
afuaye nguo kwa majirani.
Akasimama. Akazitazama nyumba zinazoungua
nilizozichora pembeni ili tu kujaza nafasi.
"Hapa ni kwetu," alisema.
"Nani alikuonyesha? Hata mlango umekaa vile vile."
Nikamwambia hayo ni mambo yajayo.
Akacheka, kicheko cha mtu mwenye beseni kichwani:
"Kwangu yalishapita. Mara mbili.
Mwisho wa dunia ulinikuta nikimenya viazi."

Mimi si msomi wa unabii.
Nafikiri yule aliyeyaona kisiwani
alikuwa na mji wake uliokuwa ukiungua,
na mfalme wake wa kuogopwa,
na labda hakututumia kalenda.
Labda ilikuwa barua tu: nimeona;
nawe ukiona, usidhani u peke yako.
Au labda Birindwa anasema kweli, na kesho nitaaibika.
Usiku mlima humulika mawingu,
nami, kama wote, hutoka nje kutazama.

Kavugho aliniomba jambo moja.
Pale pa mwaka, nimwandikie Katembo, na Soki,
na kichanga ambaye hakuwahi kupewa jina.
Niliandika mawili.
La tatu nikaliachia nafasi yake.

Jioni Mchungaji akaja kuchukua kazi.
Alisoma, akarudia kusoma.
"Hii ni miaka gani?"
Sikujibu.
Akatoa dola tano, nusu ya tulizopatana,
akakikunja kitambaa
rangi ikiwa bado mbichi.